Mshenga Kutoka Banki

Mwanamke atampendaje mwanamume ambaye kila neno lake limebebwa na jina la mtu mwingine? Jibu bado halijapatikana. Kilichopo ni kisa cha Léontine.

Sokoni Kasongo, msimu wa mchele mpya, enzi za Wabelgiji, motokari ya banki ilikwama katikati ya vikapu. Karani wa banki, kaptula nyeupe ikiwa imenyooshwa pasi, aliwafokea wachuuzi. Léontine, kitambaa cha manjano kichwani, hakusogea.

"Mama, unajua motokari ya nani hii?"

"Hata iwe ya mfalme, mchele haukanyagwi. Zungukeni!"

Karani akacheka. Kesho yake akarudi kwa miguu. Jina lake Grégoire, na sauti yake ilikuwa tamu, ila habari yake ilikuwa moja tu.

"Bwana Delvigne, mwenye banki, alianzia London, sheri wangu, akapanda hadi New York. Mawaziri wa Bruseli wanakula mezani kwake. Dhahabu ya Kabambare haichimbwi asipotoa mtaji."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye mkalimani wake!"

"Nimekuuliza wewe, Grégoire."

Miezi ikapita; kila Grégoire alipotajiwa posa, alikuwa na udhuru. "Bwana iko Kabambare." "Bwana iko na wageni wa Antwerp." Mwishowe Léontine akachoka: "Uje Jumapili, ama usije tena."

Jumapili motokari ikasimama uani kwa baba yake, mzee Antoine. Grégoire akashuka, na nyuma yake Bwana Delvigne mwenyewe, kofia ya jua kichwani, jasho likimtiririka. Yeye ndiye mshenga!

Kwao, mshenga huketishwa chini na kutaniwa: "Binti gani? Hapa tunafuga mbuzi tu!" Hukataliwa kwanza, kisha hubembeleza. Shangazi Marcelline alikuwa ameyanoa matusi yake wiki nzima. Sasa alitazama vidole vya miguu yake. Bwana alipomwomba binti, mzee Antoine alisimama, kofia mkononi.

"Ndiyo, Bwana. Ndiyo."

Léontine alimvuta Grégoire nyuma ya jiko.

"Umefanya nini, we mutu?"

"Nimekuletea mtu ambaye hata mawaziri hawamkatalii!"

"Ndiyo maana! Baba angeombwa paa la nyumba, angelitoa vilevile. Sasa nitajuaje kama nimeposwa au nimechukuliwa?"



"Niliogopa," akasema Grégoire. "Nikija mimi mwana wa mkulima, watanikataa."

"Miezi yote hii, leo ndiyo kwanza umenizungumzia habari zako!" Alimfuta jasho kwa pindo la kitenge, kwa hasira, akarudi uani na kupiga magoti mbele ya wazee wake.

"Baba, shangazi, nisikieni. Grégoire, mfasirie Bwana, usiruke neno. Posa ya leo siikubali. Nitaolewa na Grégoire, si na mwingine, siku atakapokuja na baba yake mdogo kutoka kijijini kwao Wamaza, waketi mkekani, shangazi awatukane anavyotaka, na baba awe na nafasi ya kusema hapana."