Rangi ya Kucha Kwenye Priampu

Sikio aligundua uhalifu huo Jumamosi asubuhi, akiwa ameshika brashi laini ya kupangusia vumbi. Alikuwa na desturi ya kuziba vichwa vya skrubu za priampu yake kwa rangi nyekundu ya kucha, aliyoazima kwa mkewe, ili mtu akiifungua ajulikane. Sasa matone yote manne yalikuwa na wekundu wa kuelekea zambarau.

"Nimeibiwa," alimwambia dada yake kwenye simu. "Boksi lipo, lakini vya ndani vimebadilishwa."

Dada, mpelelezi mstaafu wa polisi, alifika upesi. Sebule hiyo aliijua vizuri: spika mbili ndefu, amplifaya nzito ya kubebwa na watu wawili, na juu yake priampu, kile kiboksi chenye kirungu cha kupandishia na kuteremshia sauti kinachoupokea muziki ukiwa mnyonge na kuuandaa kabla amplifaya haijausukuma kwenye spika. Sikio alikuwa mwalimu wa kwaya. Jina hilo alipewa na waimbaji wake kwa sababu hapakuwa na aliyekosea noti mbele yake akasalimika. Alikuwa amehangaika miaka kutafuta priampu itakayopatana na amplifaya ile, na zilipopatana, hata Dada asiyejua muziki alikiri kwamba mwimbaji alisikika kana kwamba amesimama mle chumbani.

"Nani anaijua kwa ndani?"

"Fundi peke yake. Mchana naenda kituoni kumshtaki, na wateja wake wote nitawaambia. Duka atalifunga."

Dada akamwita fundi. Alikuja na mkoba wake wa vifaa, akasimama karibu na mlango.

"Uliifungua?"

"Niliifungua, afande."

"Ukachukua nini?"

"Sikuchukua cha mtu. Zaidi ya hapo siwezi kusema, niliahidi."

"Umemsikia?" Sikio akafoka.

"Nimemsikia. Sijawahi kuona mwizi anayekubali nusu."

Aliyefuata alikuwa jirani, ambaye kwa muda mrefu alikuwa hasalimiani na Sikio.

"Mimi nikiiba nitaiba yote, nipate kulala," jirani alisema. "Tangu mwezi uliopita kuta zangu zinatetemeka."

"Mwongo huyu. Mwezi wote huu kirungu sijakisogeza. Kipo kwenye alama yake ileile niliyoizoea miaka yote."

Dada aliwatazama kwa zamu. Wote wawili walikuwa na hasira ya watu wasemao kweli.

"Fundi, fungua," akasema.

Bisibisi ikazunguka, kifuniko kikatoka. Nyaya zilikuwa zimelazwa sambamba, na kila kiungo kilichochomewa kwa madini ya risasi kiling'aa. Sikio akainama, akasahau kukasirika.

"Kazi safi," alikiri kwa shida.

Sifa ile ilimlegeza fundi. "Priampu ukiiongezea nguvu ovyo, amplifaya inapiga kelele na kuharibu sauti. Nilijaribu na kurudia mpaka zikapatana upya. Hakuna hata mkwaruzo."

"Kumbe imeongezewa nguvu," Dada akasema. "Mwizi wetu ameacha zaidi ya alichokikuta."

Mke wa Sikio akaingia na sinia la chai. Dada alimwangalia kucha, zenye wekundu wa kuelekea zambarau.

"Rangi nzuri hiyo, wifi. Ile ya zamani iliisha?"

"Iliisha," mke akajibu, akiweka sinia mezani taratibu. "Dukani hawana tena."

Hakuna aliyegusa chai. Sikio alimkodolea macho mkewe.

"Wewe?"

"Mimi. Ulianza kukipandisha kirungu, baba watoto. Kila kikipita alama unanuna mpaka jioni. Mara spika zimechoka, mara waya zimechoka. Kila kitu kilichoka isipokuwa masikio yako. Nikamwomba fundi afanye ujanja, kirungu kirudi palepale na muziki ukufikie. Nilitaka uendelee kuwa Sikio."

Sikio akamgeukia fundi. "Na ungekubali ufunge duka?"

"Niliahidi, mwalimu."

Dada alikuwa amekamata wajanja wengi kazini, lakini siku hiyo alimwonea wifi yake fahari, akamwambia hivyo mbele ya wote.

Sikio akamshika fundi mkono. "Nisamehe. Funga kifuniko, ila rangi usipake tena."

Akaweka sahani ya muziki, akateremsha kirungu chini ya alama mpaka jirani akatikisa kichwa kukubali. Akavuta kiti chake mbele, karibu kabisa na spika, na kingine akakiweka ubavuni kwa ajili ya mkewe.

"Zile filimbi za juu zikiingia," alimwambia, "nibonyeze kidole."

Muziki ukaenda. Mkewe akambonyeza. Sikio hakusikia filimbi yoyote, lakini alijua zimeingia mahali pake, na akatabasamu.