Kopo la Chumvi Kando ya Tanuri

Kazini walimwita Bonge, naye hakununa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Katika kiwanda kile kidogo cha mikate, hakuna aliyechomoa trei za moto haraka kama yeye.

Kando ya tanuri palikuwa na kopo la chumvi. Fundi mkuu, waliyemwita Babu, aliliweka pale tangu zamani. "Jasho likitoka, chumvi nayo inatoka," aliwafundisha vijana. "Lamba, uirudishe." Basi Bonge alilamba asubuhi, akalamba adhuhuri, akalamba tena wakati wa kufunga.

Babu alikuwa anastaafu, na tajiri alitaka Bonge ashike nafasi yake. Kilibaki cheti cha afya tu. Bonge akaenda zahanati akipiga mluzi.

Nesi wa pale alikuwa dada wa mkewe. Alimpumzisha kitini, akampima, akampima tena. Akamwita kwa siku mbili nyingine, asije akakosea. Siku ya mwisho akamwambia:

"Shemeji, una presha. Mia moja hamsini na mbili kwa tisini na sita."

"Mimi? Huo si ugonjwa wa wazee? Mbona hata kichwa hakiniumi!"

"Ndiyo ubaya wake, haipigi hodi. Inachosha moyo na kuharibu figo na ubongo kimyakimya, hata kwa kijana. Hebu niambie, unakula nini?"

Bonge akataja yote, hata sigara zake. Alipofika kwenye kopo, nesi aliweka kalamu chini.

"Unalamba chumvi? Mtu mzima na akili zako?"

"Tunarudisha jasho, shemeji!"

"Jasho lirudishe kwa maji. Chumvi ya kwenye chakula inakutosha na kuzidi. Sasa sikiliza. Kopo basi. Sigara basi. Kula mboga na matunda kila siku. Tembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Uje kila mwezi nikupime. Isiposhuka kwa miezi mitatu, daktari atakuanzishia dawa, na dawa hizo huachi mpaka yeye aseme. Cheti leo hupati."

Bonge alirudi nyumbani amenywea. Nafasi aliyoingoja miaka saba ilikuwa inamponyoka; tajiri alikubali kumngoja miezi mitatu tu.

Wiki ya kwanza mchuzi ulimshinda. "Mke wangu, umesahau chumvi."

"Sijasahau. Nataka tuzeeke wote," mkewe akajibu, akamkamulia limau. Jioni walitembea pamoja, mke mbele, Bonge nyuma akihema.

Kazini Babu alimtania. "Utaanguka hapo, kijana!" Bonge hakuanguka. Alikunywa maji, akachomoa trei. Ulimi ukazoea. Mkanda wake ukatobolewa matundu mawili mapya, na jioni sasa mkewe ndiye aliyebaki nyuma.

Mwezi wa tatu nesi alisoma kipimo, akatabasamu. "Mia moja ishirini na mbili kwa sabini na nane."

Bonge aliruka kama mtoto. Furaha ilimjaa hadi machozi yakamtoka.

"Taratibu! Ukilegeza itapanda tena," nesi alimwonya, huku akiandika cheti.

Kiwandani vijana walimpokea kwa kugonga trei. Bonge alikwenda moja kwa moja kando ya tanuri. Akalichukua kopo, akamwaga chumvi yote juu ya trei iliyoungua, akaanza kuisugua.

Kelele zikakoma. Wote wakamtazama Babu.

Mzee akakunja mkono wa shati. "Hiyo zahanati," akauliza, "inafungwa saa ngapi?"