Mwanafunzi Aliyebakiza Kona Moja

Wanafunzi wangu huniita Mama Breki. Miaka kumi na mmoja nimefundisha udereva nikiwa kiti cha abiria, na breki yangu mwenyewe miguuni, ile ya ziada inayofungwa kwenye magari ya kufundishia. Nimeokoa kuku, mbuzi, na uzio wa watu zaidi ya mmoja. Sikuwahi kumwogopa mwanafunzi hata siku moja.

Mpaka alipokuja yule.

Jua lilikuwa linazama. Nilikuwa nafunga geti la chuo ili nirudishe gari kwa bosi, nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Mwanamume mwembamba, umri wa miaka thelathini hivi.

"Mwalimu, nisaidie nusu saa tu. Nimebakiza kona moja."

"Kesho, kaka. Leo nimechoka."

"Kesho sitaweza."

Alivyolisema lile neno, huruma ikanishika. Isitoshe simu yangu ilikuwa inapiga kelele mkobani. Mdogo wangu. Tulikuwa tunagombana nani atampeleka mama kliniki. Nikamwashiria yule mtu apande, nikatoa simu. Hata jina sikumwuliza.

Aliendesha vizuri ajabu. Gia zilikuwa zinaingia kama kisu kwenye siagi. Basi nikajikunja na simu yangu. Mdogo wangu anaandika ya kuniudhi, na mimi namrudishia moto. Kwa pembe ya jicho niliona tumeacha lami, tumeshika njia ya vumbi ya kwenye matanuri ya matofali. Sikujali.

Kisha muziki ukaanza.

Taratibu. Mdundo mzito wa spika zilizochoka.

"Punguza redio, kaka," nikasema bila kuinua kichwa.

Ndipo nikakumbuka.

Gari lile halikuwa na redio.

Iliharibika, fundi akaing'oa mwezi uliopita. Palibaki tundu na nyaya mbili zinaning'inia. Nikalitazama lile tundu. Muziki ulikuwa unatoka humo humo. Ukakatika. Simu ikaanza kuita ndani ya tundu... ikaita... ikaita... ikapokewa.

"Umefika wapi, mwanangu?" Sauti ya mama mtu mzima, yenye wasiwasi.

"Nafika," akajibu mwanafunzi wangu.

Nikamgeukia. Macho yake yalikuwa mapajani. Kiganja kimoja kimekaa wazi, kitupu, na dole gumba linakimbia juu yake kama mtu anayeandika ujumbe. Mkono wa pili umelala gotini.

Usukani ulikuwa unajizungusha wenyewe.

"Kaka," nikanong'ona. "Tazama mbele."

"Namalizia kumjibu."

"Tazama mbele!"

"Nisipomjibu hapati usingizi, mwalimu."

Harufu ya udongo mbichi ikajaa garini, ile ya shimo lililochimbwa sasa hivi. Nikakanyaga breki yangu. Ikazama kama nimekanyaga tope. Kona ilikuwa inatujia, na kwenye kona hiyo lori la matofali limeegeshwa, halina taa hata moja. Nikaurukia usukani. Baridi yake ilinichoma vidole. Nikavuta kwa nguvu zangu zote...

Kishindo. Vumbi. Kimya.

Tulikuwa mtaroni. Hapana, nilikuwa mtaroni. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Mkanda ulikuwa bado umefungwa, umekaza, kana kwamba kuna kifua nyuma yake.

Aliyenitoa ni mfyatua matofali mmoja aliyekuwa anaondoka kazini, mtu wa makamo, mikono imeganda udongo mpaka viwikoni. Hakuniuliza dereva yuko wapi. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Wewe ni wa tatu mwaka huu, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Nimeliona gari linakuja. Upande wa dereva hapakuwa na mtu."

Akanieleza. Mwaka jana kijana wa mama mmoja wa mtaa wa chini aligonga lori pale akafa, simu mkononi, anamjibu mama yake. Mama hakukubali. Akaenda kwa mganga, akapewa masharti: ampigie mwanawe kila magharibi bila kuruka siku, naye atarudi nyumbani. Wengine wanasema mganga yule alimfunga marehemu njiani.

"Mimi sijui," akasema, akitazama kona. "Najua tu kwamba jua likizama, hapa hatufanyi kazi."

Kesho yake jioni, mkono umefungwa bandeji, nikaenda mtaa wa chini. Nyumba ya chumba na sebule, cherehani pembeni, taa haijawashwa. Yule mama alikuwa ameketi, simu mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umemwona?"

Sikuwa nimejitambulisha.

Nikakaa sakafuni, karibu na miguu yake.

"Nimemwona. Mama, nakuomba, usimpigie tena."

"Nimeambiwa nisiache mpaka arudi."

"Ukimpigia, anakujibu. Akikujibu, anaacha kutazama barabara. Kila jioni, mama. Kila jioni anakufa upya, na jana nusura aondoke na mimi."

Mwanga dirishani ulikuwa unafifia. Saa yake ya kupiga ilikuwa imefika. Akaweka dole gumba juu ya kitufe.

"Nisipopiga," akanong'ona, "nitajuaje kama amefika?"

Nikamshika mkono tu. Tukakaa hivyo, dakika kumi, ishirini. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, lakini hakupiga. Giza likaingia ndani. Hakupiga. Nikaanza kupumua.

Kisha nikasikia injini.

Gari likaja polepole, likapinda kwenye kona ya nyumba, likasimama mbele ya mlango. Likazimwa. Mlango wa gari ukafunguliwa... ukafungwa. Hatua kwenye kokoto. Moja. Mbili. Tatu.

Nikachungulia dirishani.

Uwanja ulikuwa mtupu.

Yule mama akafuta uso kwa kanga. Akaiweka simu mezani, akatabasamu kama msichana.

"Amefika," akasema, akainuka.

Nilitokea mlango wa nyuma. Nilikimbia mimi, na unene wangu huu, na bandeji yangu. Lakini nilisikia komeo likivutwa. Na nilimsikia akisema, kwa upole wa mtu aliyesubiri sana:

"Mbona umechelewa hivi, baba?"

Kona ile haijaangusha gari tangu siku hiyo. Yule mama yupo, mzima, hana shida na mtu. Majirani wanamwona kila asubuhi uani, anafua nguo za kiume. Wanasema maji anayomwaga huwa mekundu, mazito kwa udongo. Nao hawamwulizi kitu.