Nyayo Chini ya Kioo

Siku Ersilia alipokutana na Corrado, duka lile la nguo katikati ya Roma lilikuwa limefurika watu waliofuata punguzo la bei. Corrado, fundi wa pampu mwenye ovaroli ya rangi ya chungwa, alimkanyaga.

"Samahani, bibie. Miguu yangu haina adabu."

"Basi ivue uiache mlangoni!"

Wakacheka, na hapohapo kila mmoja akajua ameshanaswa.

Ersilia alilinda nyumba ya kale ya Warumi iliyo chini ya duka hilo, inayoonekana kupitia sakafu ya kioo. Mlango wa kushukia ulikuwa umepigwa lakiri, muhuri wa nta, na idara ya mambo ya kale, na kukanyaga nakshi za vijiwe zilizopamba sakafu yake bila kibali kulitosha kumfukuzisha mtu kazi.

Miezi minne ikawa asali tupu. Kisha asubuhi moja, duka halijafunguliwa, Ersilia akachungulia kiooni akaona nyayo za maji juu ya vijiwe. Jana yake Corrado alikuwa ametengeneza pampu ya maji ukumbini mwa duka, karibu na mlango ule. Nani mwingine? Akampigia simu kwa hasira.

"Umeshuka kule chini bila kuniambia!"

"Sikushuka, mpenzi. Naapa kwa mama yangu."

"Mwache mama yako apumzike. Tumeachana."

Akachukua fomu ya kumshtaki, machozi yakimlenga. Fomu ilidai namba ya lakiri, akaenda kuisoma. Lakiri ilikuwa nzima, na chini yake sahihi aliyotia yeye mwenyewe mwezi Machi ilipopigwa. Hakuna aliyeshuka tangu siku hiyo. Aliporudi kwenye kioo nyayo zilikuwa zimeongezeka: ndogo, za miguu mitupu, zikielekea pale anaposimama kila siku.

"Corrado, njoo," alisema kwenye simu. "Nimekukosea. Na naogopa."

Alifika amevaa shati jeupe la Jumapili, akihema.

"Shati la nini?"

"Nilikuwa njiani kuja kukubembeleza, mkaidi wangu. Pete ninayo tangu wiki jana. Unanitaka?"

"Nakutaka. Nisamehe."

Akamvisha palepale juu ya kioo. Ersilia akainamisha kichwa kuitazama pete, macho yakaangukia miguuni pake. Kwa upande wa chini wa kioo, nyayo mbili ndogo zenye maji zilikuwa zimegusana na nyayo zake. Mbele yake, chini ya viatu vya Corrado, zilikuwa zikijitokeza nyingine mbili, kubwa.

"Corrado," alinong'ona, "na mpenzi wake naye amekuja."