Mbao Sita za Gati

Mbao sita zilikuwa zimetoweka katikati ya gati, pale maji ya ziwa yanapoanza kuwa na kina. Baada ya pengo hilo gati liliendelea kama kawaida, na kule mwisho kiti cha kuvulia samaki kilikuwa bado kinamsubiri mwenyewe.

"Afande, mwizi ninaye!" alifoka mwenye nyumba, mwalimu mkuu mstaafu aliyelijenga gati hilo kwa mikono yake. "Fundi Bata. Jana kaniambia gati langu limeoza, nikamfukuza. Usiku kaja kulipiza kisasi. Mtie ndani!"

Inspekta alilitazama gati kwanza. Alikuwa mwanamke asiyependa kuharakishwa kabla ya chai.

Fundi aliitwa Bata kwa sababu hushinda majini siku nzima. Sasa alisimama kando ya koplo aliyekuja na Inspekta, jasho likimtiririka. Jina likishachafuka, nani tena ufukweni pale angemwita amtengenezee gati?

"Usiku ulikuwa wapi?" Inspekta alimuuliza.

"Nyumbani."

"Shahidi?"

"Mke wangu, na mtoto anayeota meno. Hakuna aliyelala."

"Uligombana na mzee?"

"Yeye ndiye aliyegombana. Mimi nilimwonyesha tu."

Bata alishuka majini, akachoma kisu kwenye nguzo, usawa wa maji. Kiliingia mpaka kwenye mpini.

"Chini nzima, juu nzima. Hapa inapolowa na kukauka ndipo inapooza. Siku yoyote itamshusha mzee majini."

Mzee aligeuza uso.

"Ungekuwa unaling'oa, ungeanzia wapi?"

"Mwisho kabisa, Afande. Unarudi kinyumenyume kuja nchi kavu. Ukianzia katikati, mbao za kule utazifuata vipi?"

Inspekta alitembea hadi kwenye pengo, akachuchumaa. Mwizi gani wa mbao anachukua sita na kuziacha nyingine zote? Huyu hakutaka mbao. Alitaka mtu asipite. Na cha ajabu zaidi, kila nati ilikuwa imerudishwa kwenye bolti yake. Aligusa bolti moja, akanusa kidole. Fundi angelainishia nati kwa grisi. Haya yalikuwa mafuta ya kula, tena yananukia vitunguu.

Alijikuta anatabasamu.

"Mzee, naomba chai."

Jikoni, mke wa mzee alimimina chai kwa mkono wa kushoto. Kiganja cha kulia kilikuwa kimejaa malengelenge.

"Pole na mkono, mama. Spana ilikuwa ngumu?"

Birika liligonga meza.

"Mbao ziko wapi?"

"Chini ya kitanda chetu."

Mzee alishika mlango. "Nimezilalia?"

"Wewe ukilala ni gogo." Kisha akamgeukia Inspekta, machozi yakimlengalenga. "Mwachie Bata, ni mimi. Kila asubuhi anakwenda kule na ndoano zake, nami nabaki dirishani roho mkononi. Nimesema mpaka nimechoka. Jana alipomfukuza fundi, nikasema basi, kama hasikii, asipite."

"Na nati ulizirudishia nini?"

"Gati ni lake. Nilitaka alifunge tena, likiwa na nguzo nzima."

Mzee alimsogelea mkewe.

"Wewe unayeogopa hata maji ya beseni. Gizani, peke yako?"

"Nilitetemeka mwanzo hadi mwisho."

"Na kama ungeanguka?"

"Basi ningeanguka mimi."

Mzee aliketi. Alisema kwa sauti ndogo.

"Nilijua zimeoza. Nililijenga nikiwa na nguvu zangu. Niliwaza likibomolewa, na mimi ndiyo basi tena."

Inspekta alimaliza chai yake taratibu. Ilikuwa tamu, na siku bado ilikuwa changa.

"Mashtaka, mzee?"

"Mashtaka gani?" Mzee aliinuka, akatoa kichwa dirishani. "Bata! Nisamehe, mwanangu. Badilisha nguzo zote. Halafu weka na kingo za kushikia, huku na huku, mpaka mwisho."

"Kingo? Si jana ulisema ni za wazee?"

"Ni za mke wangu," alisema mzee. "Anakuja kukaa na mimi kule."