Usiseme Halo

"Senene wametua Kahororo."

Mzee Kahigi hakusema zaidi ya hapo. Redio ndogo iliyojificha sikioni mwa Jovina Kokugonza ikakatika.

Jovina akaweka kijiko chini. Sahani ya ebitoke, ndizi za kupikwa, na maharage ilikuwa bado inafuka moshi mbele yake, kwenye mgahawa wa karibu na soko la Bukoba. Mwezi wa saba hakuna senene, wale panzi wa kuliwa, Kagera nzima, hata mtoto wa chekechea anajua. Kwa watu wa Kitengo, maneno yale yalikuwa na maana moja tu.

Kuna binti amechukuliwa.

Akalipa, akavaa helmeti, akaipiga teke Honda yake XL. Ikanguruma.

Kitengo ni ofisi ya ujasusi isiyo na kibao mlangoni, na Mzee Kahigi ndiye mkuu wake. Kwa miezi kadhaa kilikuwa kinawawinda watu wanaokamata mabinti kwa simu. Hawaji na bunduki wala gari jeusi. Wanapiga simu tu, kwa sauti ya ndugu yako, na wewe mwenyewe unamfungashia mwanao nguo. Binti anavushwa ziwa, anapelekwa nchi za mbali, anafungiwa kwenye jumba, na huko anapewa simu ili naye awadanganye wenzake. Uchafu gani huu jamani!

Jovina alikuwa amekwisha kupambana na wauza silaha na wauza meno ya tembo. Hao aliwachukia. Hawa wa simu aliwaonea kinyaa, kinyaa kile cha kukuta unywele kwenye chakula ukiwa umeshameza.

Ma Magdalena, mjane wa Kahororo, alimpokea uani, khanga imefungwa ovyo, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyetumwa?"

"Ndiye mimi. Niambie."

"Dastan alipiga jana. Mwanangu mkubwa, yuko Dodoma. Namba ngeni, akasema simu yake imeharibika. Lakini sauti ni yake kabisa! Mtoto niliyemzaa mimi nisiijue sauti yake? Akasema amempatia mdogo wake Annastella kazi, aende Muleba kwa mzee mmoja, Ta Rutaihwa, kule mwaloni zinakotia nanga boti, atamsafirisha. Leo asubuhi Annastella ameondoka. Ndipo Dastan akapiga kwa namba yake ya siku zote, anamuuliza mdogo wake. Nikamwambia, si umemwita wewe? Akasema, mimi?"

Akajipiga kifuani.

"Hakutaka kwenda yule mtoto. Alisema, mama, kuna kitu hakiko sawa. Nilimlazimisha mimi. Nikamwambia neno baya pale mlangoni."

"Neno gani?"

"Liache, waitu. Liache."

Mezani, Tecno yenye kioo kilichopasuka ikaanza kulia. Namba ngeni.

"Hao hao!" Magdalena akaruka. "Tangu asubuhi wanapiga. Napokea, nasema halo, halo, nani mwenzangu? Kimya. Mara ya mwisho nikalia, nikawaambia mnirudishie mwanangu, nikasema yote yaliyokuwa moyoni."

"Ulisema sana?"

"Sana."

Jovina akamshika mkono kabla haujaifikia simu.

"Usiseme halo. Kuanzia sasa, namba usiyoijua ukiipokea, nyamaza. Yeye ndiye aliyekupigia, aseme yeye. Hizo simu za kimya wanavuna sauti, mama. Dastan naye alipigiwa?"

"Wiki iliyopita alilalamika. Simu zinaita, hakuna mtu."

"Basi. Mashine ilimsikiliza ikamwiga. Na sasa wameichukua yako."

"Yangu ya nini?"

Jovina alikuwa ameshapata jibu.

"Annastella bado hajavuka. Amegoma kupanda boti. Wanataka mama yake amwambie apande."

Magdalena akakaa chini, sakafuni, bila kutafuta kiti.

Jovina akachomeka kwenye ile Tecno kifaa cheusi, kidogo kama kiberiti. Akabonyeza kitufe cha kupokea. Akanyamaza.

Upande wa pili nao kimya.

Akasikiliza. Mlio wa injini. Kuku. Kisha, kwa mbali, sauti ya mpiga debe: "Bumbire, Bumbire! Mmoja tu, Bumbire!"

Kimya kikazidi kurefuka. Wezi wa sauti hawajazoea kunyamaziwa.

"Halo?" Sauti ya mwanamume, yenye lafudhi ya mbali. "Halo?"

Jovina akakata. Kifaa kikawaka kijani: mnara wa pwani ya Muleba.

"Mama, simu yako usiizime. Lakini hata ukiisikia sauti yangu mimi, usiamini mpaka uulize jambo ambalo mashine haiwezi kulijua."

Kemondo ikapita. Muhutwe ikapita. Honda ililala kwenye kona, migomba ikakimbia kulia na kushoto.

"Mzee, boti ya doria iko wapi?"

"Kemondo," Kahigi akajibu sikioni.

"Ije mwalo unaotazama kisiwa cha Bumbire. Isipige king'ora."

"Kuna nani huko?"

"Kinanda. Nimesikia sauti yake, ile ile ya kwenye rekodi zetu."

Kahigi akaguna. Kinanda lilikuwa jina la faili, kwa sababu jina halisi la mgeni yule hakuna aliyelijua. Alibonyeza sauti za watu kama mtu anayepiga kinanda, nchi baada ya nchi, na hakuna mkono uliowahi kumgusa.

"Kuwa mwangalifu, Kokugonza."

"Sina muda huo, mzee."

Aliificha pikipiki kwenye mibuni. Alipotoka humo hakuwa tena mwendesha pikipiki. Kitenge kiunoni, kilemba kichwani, kifurushi kwapani, mwendo wa mama wa Kihaya anayekwenda kusalimia. Chini ya kitenge, bastola ya Browning.

Nyumba ya Ta Rutaihwa ilikuwa juu kidogo ya mwalo, bati jipya, kibanja kimepaliliwa vizuri hata ukakionea wivu. Mwenyewe alitoka barazani amevaa kanzu na koti, mzee wa heshima, wa kusuluhisha ugomvi wa mipaka. Wakasalimiana kwa Kihaya, salamu ile ndefu isiyo na haraka.

"Wewe ni wa kwa nani, waitu?"

"Mimi ni shangazi yake Annastella wa Kahororo. Kaondoka mbio, kasahau kitenge chake. Nimpe tu, nimuone, nirudi."

Uso wa Rutaihwa haukubadilika. Jicho lake moja tu ndilo lililokimbilia mlango wa chumba cha nyuma.

"Ah, shangazi mtu! Yupo, anapumzika. Keti kwanza. Mgeni hakai hivi hivi kwangu."

Akaingia ndani. Akarudi na kikapu kidogo chenye mfuniko, kahawa ya kutafuna imejaa, buni zimekauka na kung'aa.

Hapa ndipo Ta Rutaihwa alipokosea. Angeleta soda. Soda angeitia dawa akamaliza, wala asingelazimika kuigusa. Lakini ni Mhaya, alilelewa na bibi yake juu ya nyasi za sakafuni, na mgeni asiyepewa kahawa angeshtuka. Basi mkono wake ukafanya ulivyozoea. Na kahawa ya Wahaya ina sharti moja: mwenye nyumba anaanza kutafuna yeye, ili mgeni ajue haina sumu.

Rutaihwa akaanza. Hakuchota katikati kama mtu aliye kwake. Alidokoa buni mbili pembeni kabisa, pale kidole gumba chake kilipokishika kikapu, akazitafuna kwa madaha. Kisha akamsogezea.

"Karibu, waitu."

Jovina akakipokea kikapu kwa mikono miwili, kwa adabu.

Akakizungusha taratibu, mpaka upande uliokuwa wake ukawa wa Rutaihwa.

Akachukua buni moja pale alipochukulia mzee, akaitia mdomoni. Akamrudishia.

"Ongeza na wewe, Ta. Mimi kula peke yangu sikuzoea."

Rutaihwa akaitazama kahawa yake mwenyewe. Kukataa hawezi, kula hawezi.

Kutoka chumba cha nyuma ikasikika sauti. Sauti ya mwanamke mtu mzima, yenye machozi.

"Panda boti, Annastella. Panda, mwanangu. Ni mimi mama yako."

Ma Magdalena alikuwa Kahororo, sakafuni. Na hapa sauti yake ilitoka nyuma ya ukuta, ikimuuza mwanawe.

"Mzee mzima," alisema polepole. "Kwa kikapu cha bibi yako. Hunitii hasira, unanitia kichefuchefu."

Buni zote zikaruka usoni mwa Rutaihwa.

Teke moja. Mlango ukafunguka.

Simu ndogo ndogo zimepangwa ukutani. Laptop mbili za Dell. Mtu mrefu wa kutoka nje, shati jeupe limepigwa pasi, vidole juu ya vitufe.

Kinanda.

Mkono wake ukaenda kwenye Glock iliyokuwa kando ya laptop.

Browning ikaongea kwanza.

Glock ikaanguka. Kinanda akashika bega, akateleza na kiti chake mpaka chini. Kabla hajajua nini kimempata, pingu ilikuwa imemfunga kwenye chuma cha dirisha.

"Tunaweza kuelewana," alisema kwa Kiswahili cha kujifunzia. "Wewe una akili. Hawa watu wanasema wenyewe. Mimi nasikiliza tu."

"Funga domo lako."

Jovina akalivunja dirisha la pili, lisilo na nondo, akaruka.

Mwaloni boti nyeupe ilikuwa inanguruma, injini ya Yamaha ikitema maji. Annastella alikuwa mguu mmoja majini na mmoja botini, simu sikioni, analia. Ndani ya boti, chini ya turubai, kulikuwa na mabinti wengine wawili, vichwa vimelala kama vya wagonjwa. Nahodha akamvuta mkono.

"Annastella! Usipande!"

Binti akageuka. Nahodha akamnyakua kiuno.

Jovina akapiga goti juu ya mchanga uliojaa dagaa. Akashusha pumzi.

Risasi ya kwanza, injini ikakohoa. Ya pili, ikazima.

Nahodha akajitupa majini. Hakufika mbali. Boti ya doria ilikuwa imeshatokeza nyuma ya miamba, kimya kama ilivyoagizwa, na askari wakamwopoa kwa ukosi wa shati.

Wanawake waliokuwa wanageuza dagaa wakakusanyika. Askari wakamleta Rutaihwa, koti limejaa vumbi, bado anabisha.

"Mimi mnanijua! Mtu wa watu mimi! Huyu mwanamke ni jambazi!"

Jovina akafungua kiganja. Palikuwa na buni moja, ambayo askari waliiokota barazani.

"Hii ni kahawa yake, aliyonikaribishia nyumbani kwake. Kula, Ta, hapa mbele ya watu wako."

Rutaihwa akafumba mdomo. Akatikisa kichwa.

"Mawe! Mama wee!" mama mmoja akasema, akatema mate. Wengine hawakusema kitu. Wakampa mgongo, mmoja mmoja, wakarudi kwenye dagaa wao. Kwa mzee wa pale, pingu zilikuwa nafuu kuliko migongo ile.

Annastella alikuwa ameketi mchangani.

"Mama amesema nipande," akarudia. "Kwa nini umenizuia? Mama amesema."

"Hakuwa mama yako. Ilikuwa mashine."

"Ni sauti yake! Na wewe nitakuaminije?"

"Vizuri. Usiniamini." Jovina akampa simu yake mwenyewe, Samsung. "Namba ya mama unaikumbuka kichwani? Piga wewe. Usipokee, piga."

Binti akabonyeza kwa kidole chenye mchanga. Ikaita. Ikapokelewa.

Kimya.

"Mama?"

Kimya. Pumzi tu, za mtu aliyeziba mdomo kwa khanga.

"Mama, ni mimi."

Kimya. Annastella akamtazama Jovina kwa hofu mpya. Jovina mwenyewe ndiye aliyemfundisha mama yule kunyamaza, namba ngeni, usiseme halo, na sasa alilionja somo lake likiwa chungu. Hiki ndicho walichokiiba wale mbwa, kuliko chochote. Mama anamsikia mwanawe na hathubutu kuitika.

Hatimaye sauti ikatoka, ndogo, kavu.

"Kama ni wewe, sema nilikwambia nini pale mlangoni."

Uso wa binti ukakunjamana. Lilikuwa neno ambalo hakutaka kulirudia mbele ya mtu.

"Ulisema... nisipokwenda, nisikuite tena mama."

Upande wa pili kitu kilianguka, pengine kiti. Kisha kilio, si cha mashine, kilio kibovu, chenye kamasi na kikohozi.

"Niite! Niite, mwanangu! Niite waitu, niite!"

"Mama," Annastella akasema. "Mama. Mama."

Jovina alikuwa ameshawapa mgongo. Alipanda kilima taratibu, akakivua kilemba, akatema chini ya mbuni ile buni ya Rutaihwa aliyoibana shavuni tangu barazani. Ilikuwa salama, lakini ladha yake haikumtoka.

"Dada! Simu yako!" askari mmoja akaita.

"Mwache amalize."

Akavaa helmeti. Redio ikakwaruza sikioni.

"Kokugonza," alisema Kahigi, "Kinanda yuko mikononi mwetu, mabinti watatu wako salama. Lakini nakupigia tangu muda ule. Mbona simu yako inatumika tu?"

"Kuna watu wanaongea, mzee," alisema Jovina, akaipiga teke Honda. "Tusiwakatishe."