Nafasi Katikati ya Picha

Mama yake Kasuku alikuwa dereva wa kreni bandarini. Asubuhi moja aliporudi kutoka zamu ya usiku, alivua buti mlangoni, akatundika fulana yake ya kung'aa msumarini, kisha akamtania binti yake: "Leo umekunywa chai, au umekunywa maneno?" Jina la Kasuku lilitokana na mdomo wake usiojua kupumzika.

Asubuhi hiyo Kasuku hakujibu utani. Mama alipoingia bafuni kunawa, Kasuku alichukua mkasi na kulikunjua bango la shule la historia ya bandari. Walilitengeneza wawili, yeye na msichana ambaye darasa zima lilimwita Mgeni, kwa kuwa familia yake ilifika kwa meli ikikimbia vita. Michoro yote ilikuwa ya Mgeni. Lakini wiki ile hakuonekana shuleni, na Kasuku alibaki kuandika maelezo peke yake.

"Siwezi kubeba mtu mgongoni," alinong'ona. Akakata kona yenye jina la Mgeni.

Mchana wanafunzi walionyesha mabango yao katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Wazazi walikaa kwenye mabenchi, wengine bado wana vumbi la kazini. Zamu ya Kasuku ilipofika, sauti yake ilijaa ukumbi.

"Zamani meli ilileta silaha za kupelekwa nchi jirani, ambako serikali ilikuwa ikiwaua raia wake. Makuli wetu walikataa kuipakua. Walikaa bila mshahara, nyumba nyingi zikalala njaa, lakini hawakugusa hata sanduku moja."

Akanyoosha kidole kwenye picha ya makuli hao aliyoibandika katikati ya bango. "Mnaona wamejipanga, halafu hapa katikati wameacha nafasi? Mwenzao alikuwa amelazwa hospitali. Walisema hawapigwi picha kana kwamba hayupo. Na chakula cha msaada kilipogawanywa, fungu lake lilipelekwa kwake kwanza."

Watu walipiga makofi. Mama yake akasogea mbele, akainama kulitazama bango.

"Meli hii imechorwa vizuri. Nani kaichora?"

Kasuku alifungua mdomo. Hapo ndipo alipomwona Mgeni amesimama mlangoni, mdogo wake mgongoni, macho yake yakitembea taratibu sehemu ya chini ya bango. Yalifika kwenye kona iliyokatwa, yakasimama.

"Ni... ni Mgeni. Jina lake nilisahau kuliandika."

Mama alipitisha kidole kwenye ukingo wa karatasi. "Mwanangu, hapa pamepita mkasi. Mkasi hausahau."

Masikio ya Kasuku yaliwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na bango lake.

"Nimelikata mimi," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Nilimwona mvivu kwa sababu hakuja."

"Mama anaumwa," Mgeni alisema. "Hawezi hata kuinuka. Ningemwachia nani huyu mtoto? Wewe unapita mtaani kwetu kila siku. Hukubisha hodi hata mara moja."

Kasuku alitazama sakafu, machozi yakamdondoka juu ya viatu. Mwalimu alimpa kalamu, lakini Kasuku hakuandika. Alivuka ukumbi mbele ya watu wote, akamkabidhi Mgeni kalamu hiyo.

"Nisamehe. Liandike mwenyewe, mahali unapotaka."

Mgeni alisita, mpaka watu wakadhani atakataa. Kisha akaandika jina lake kwa herufi kubwa, juu kabisa ya meli.

Mama alimshika Kasuku bega. "Umeisimulia picha ile vizuri, lakini ilikuwa imeishia mdomoni. Wazee wale hawakuacha nafasi ili picha ipendeze. Mwenzako asipoonekana, kwanza nenda ukamuulize kilichompata. Ukianza kwa kumfuta, huna haki ya kujivunia mshikamano wa mji huu."

"Nimekusikia, mama."

Walipotoka nje, Kasuku alitembea nyuma ya Mgeni, kisha akajikaza akamfikia.

"Nipe mtoto nikubebee. Twende nikamsalimie mama yako."

"Huyu analia akibebwa na mtu asiyemjua."

"Basi alie," Kasuku alisema, akinyoosha mikono. "Atanizoea."